Tusingoje Mpaka Fufu Ikwame



Safari hii ukurasa huu hautasema juu ya kofia ya chuma wala juu ya kamba za kushukia shimoni. Nataka kusema juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe katika dispanseri yetu, kisha nitasema ninalofikiri kampuni yapaswa kulifanya. Mwenye mawazo mengine anijibu, kwa mdomo au kwa barua, sitakasirika.

Miaka michache iliyopita alinijia mzee mmoja wa kikosi cha mbao, wale wanaotegemeza paa la shimo. Wengi wenu mlimfahamu, sitamtaja jina. Aliniambia: "Muganga, fufu inasimama hapa," akaweka kidole katikati ya kifua. Nilimwuliza kama ana kiungulia, akasema wakati mwingine. Nikampa vidonge vya kutafuna, nikaandika katika daftari "tumbo", naye akarudi kazini. Huo ulikuwa mwezi wa Februari. Mwezi wa Aprili akarudi na neno lile lile. Nikampa vidonge tena, na dawa ya minyoo juu yake, kwani dawa ya minyoo haimdhuru mtu. Ndivyo nilivyojisemea.

Mwezi wa Agosti hakuja peke yake, alikuja na bibi yake. Mama huyo hakungoja niulize. Alisema: "Muganga, huyu hali fufu tena. Kwanza alikuwa anakunywa maji baada ya kila tonge. Halafu nikaanza kumlowekea fufu katika mchuzi wa sombe. Sasa ni mwezi wa pili anakunywa uji tu, na uji wenyewe unarudi." Nilimpandisha kwenye mizani. Mwanzo wa mwaka alikuwa na kilo 68. Siku ile mizani ilisema 57. Kilo 11 zilikuwa zimekwenda zake mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nagawa vidonge.

Nilimtuma Bunia. Toka Bunia jamaa walichanga franka wakampeleka ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya Mahagi na Goli, mpaka hospitali moja yenye mashini ya kutazama ndani ya koo. Wakamwona ana kansa, yaani kansere, ya umio, na njia iliyobaki ni nyembamba kama kalamu. Kupasuliwa kulikuwa kumepitwa na wakati. Wakamwekea mrija wa waya ili chakula kipite. Aliishi miezi mitano, na katika miezi hiyo alikula, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyekuwa akifa kwa njaa mezani pake mwenyewe.

Baadaye nilihesabu katika daftari. Toka siku aliponiambia fufu inasimama mpaka siku nilipoandika barua ya Bunia zilipita siku 197.

Hapo nilijilaumu sana, na hata leo najilaumu. Lakini nilipozidi kusoma niliona kwamba kosa langu lilikuwa nusu tu ya jambo. Hata kama ningemtuma siku ile ile ya kwanza, yaelekea tungalikuwa tumechelewa. Umio ni mrija laini unaoshusha chakula toka kooni mpaka tumboni. Mrija huo unapanuka: ukimeza tonge kubwa unajifungua, tonge likipita unajikunja. Kwa hiyo kansa ikianza upande mmoja wa ukuta wake, upande wa pili unaendelea kupanuka, na mtu anakula kama kawaida, anafanya kazi, anacheka. Siku atakapohisi chakula kinakwama, uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia, na mara nyingi umekwisha toka nje ya ukuta. Maumivu hayakuonya mapema. Ndiyo maana kansa hii inaua karibu wote wanaoipata. Mwaka 2022 katika dunia nzima ilihesabiwa kuwashika watu zaidi ya 500,000, na waliokufa kwayo mwaka huo huo ni karibu 445,000. Linganisheni namba hizo mbili, mtaelewa.

Nyinyi watu wa shimo mwajua jambo hili kuliko mimi. Fundi wa mbao hangoji paa lianguke ndipo aseme paa ni bovu. Anachukua chuma, anagonga mwamba, anasikiliza. Mwamba mzima una sauti yake, na mwamba uliojitenga una sauti yake. Mzee wetu alifanya kazi hiyo miaka mingi, na watu wako hai leo kwa sababu ya sikio lake. Lakini mwili wake yeye hakuna aliyeugonga.

Basi niulize: je, umio waweza kugongwa kabla haujaanguka? Ndiyo, waweza. Si kwa kipimo cha damu, wala si kwa picha ya radio, kwani radio haioni madoa ya mwanzo. Njia iliyothibitishwa ni kuingiza mrija wenye taa na kamera mdomoni, kisha kupaka ndani ya umio maji ya ayodini. Ngozi nzima ya umio ina akiba ya sukari ndani yake, na ayodini ikikutana na sukari hiyo inageuka rangi ya kahawia. Mahali palipoanza kuharibika akiba hiyo imepungua, hapashiki rangi, pabaki peupe au njano. Muganga anaona doa, anakata kipande kidogo kama punje, kinatazamwa kwa darubini. Kazi yote ni ya dakika chache. Si raha, sitawadanganya, mtu anatapika-tapika. Lakini halali hospitali, na jioni yuko nyumbani.

Na doa likionekana mapema, waweza kulikwangua au kulichoma kwa mrija ule ule, pasipo kupasua kifua.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Yamefanyika hapa jirani, Kenya, katika hospitali ya Tenwek huko Bomet, ambako kansa hii ni nyingi sana, hata kwa vijana wasiofika miaka 30. Waganga wa huko walikuwa wamewawekea mirija mamia ya wagonjwa wasioweza kumeza, wakachoka kuwapokea watu mlangoni pa kaburi. Wakaenda kwa watu wa vijijini wasiokuwa na shida yo yote ya kumeza, wakawaomba wajitolee kutazamwa kwa ayodini. Habari zao zilitoka mwaka 2016. Watu 305 walitazamwa, na 44 kati yao walikuwa tayari na madoa ya mwanzo. Wote hao walikuwa wakila ugali wao vizuri.

Nisiwaogopeshe bure. Doa la mwanzo si kansa. Huko Linxian, katika China, watu walifuatwa kwa miaka 13 na nusu ili kujua madoa hayo yanaishia wapi. Wenye madoa hafifu, karibu robo yao walipata kansa, waliobaki hawakuipata. Lakini wenye madoa makali, karibu robo tatu waliipata. Kwa hiyo kazi ya kutazama mapema ni kuwatenga hao wenye madoa makali na kuwatibu, na kuwaacha wengine waende zao, warudi baada ya muda.

Je, kutazama huko kunaokoa watu kweli, ama ni kuwapa waganga kazi tu? Swali hili ni la haki, na jibu lake lilitolewa katika wilaya ya Cixian, China hiyo hiyo. Watu wa vijiji kadha wenye miaka 40 mpaka 69 walialikwa kutazamwa mara moja tu kwa mrija na ayodini. Vijiji vingine havikualikwa. Baada ya miaka 10, katika vijiji vilivyoalikwa waliokufa kwa kansa ya umio walikuwa karibu 34 katika kila watu 1,000. Katika vijiji vingine walikuwa karibu 51. Tofauti ni watu 17 katika elfu moja, kwa kutazamwa mara moja tu. Ni kweli huko ugonjwa ni mwingi kupita kwetu, na siwezi kuwaahidi namba hizo hizo hapa Fataki. Lakini njia ni ile ile, na umio ni ule ule.

Sasa kwa nini nayaandika haya katika gazeti la wafanyakazi wa mgodi, nisiyaache kwa waganga wakubwa? Kuna habari moja ya zamani iliyonifunza. Toka mwaka 1964 mpaka 1979 watafiti walihesabu kansa zilizowapata Waafrika waliochimba dhahabu Afrika Kusini. Kansa ya kwanza kwa wingi ilikuwa ya ini. Ya pili ilikuwa ya umio. Walipotazama watu hao walitoka wapi, wakaona kansa ya ini iliwashika zaidi watu wa Msumbiji, na ya umio iliwashika zaidi watu wa Transkei. Angalieni vizuri: walikuwa wakifanya kazi ya aina moja katika mashimo ya nchi moja, lakini kansa zao zilifuata makwao. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mgodi ndio uliowapa. (Vumbi la mwamba lina ubaya wake kwa mapafu, nalo tutaliandika siku nyingine.) Ila mgodi ndio uliokuwa na daftari, mizani na muganga. Mkulima wa Djugu akipunguka kilo 11 hakuna anayeandika. Mfanyakazi wetu anaandikwa kila mwaka, na hiyo ndiyo bahati yetu tunayoitupa.

Walio katika hatari ni nani? Tumbako na pombe ni za kwanza, na mtu avutaye na kunywa pamoja hajumlishi hatari mbili, anazizidisha. Juu ya pombe, tangu mwaka 1971 mtafiti Paula Cook alikusanya habari za kansa hii katika Afrika akaonyesha kwamba yaelekea kufuatana na pombe za mahindi. Hiyo ni alama tu, haikuwa hukumu. Lakini lotoko yetu tunayoipika kwa mahindi na muhogo ni kali kupita pombe nyingi, na inashuka ikichoma. Najua nani anaipika kambini, na najua kwamba franka za lotoko zimelipa shule ya watoto wengi. Sitaki kumtukana mtu. Nasema tu ilivyo.

Halafu kuna chai. Huku juu kuna baridi, na wengi wetu twajisifu kunywa chai ikiwa bado inatoka moshi. Mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba kinywaji cha moto kupita digri 65 yaelekea kuleta kansa ya umio, hata kiwe maji matupu. Huko Golestan, kaskazini mwa Iran, mwaka 2009 ilionekana kwamba wanaokunywa chai kabla ya dakika 2 kupita tangu kumiminwa, ugonjwa uliwashika zaidi sana kuliko wanaongoja dakika 4 au zaidi. Dakika 4, wandugu. Ni muda wa kufunga kamba za viatu na kutafuta taa. Dawa hii haina gharama hata ya franka moja, nami nashangaa kwamba ndiyo ngumu kuliko zote kukubalika.

Moshi wa kuni katika jiko lililofungwa nao umo katika mashaka, na huo ni wa mama zaidi kuliko wa baba. Na mwenye ndugu wa damu aliyekufa "kwa kukosa kumeza" ajue kwamba hiyo ni habari ya kumwambia muganga, hata kama nyumbani ilisemwa ni sumu.

Sasa nitoe maoni yangu wazi. La kwanza, katika kipimo cha afya cha kila mwaka kila mtu aulizwe habari ya kumeza. Leo twapima macho, masikio, mapafu na damu. Koo twalitazama kwa kijiti na kusema "a-a-a", basi. Muganga aulize: je, wakunywa maji ili kushusha tonge? Je, kuna chakula ulichokiacha mwaka huu kwa kuwa hakipiti? Na uzito wa mwaka huu uandikwe kando ya uzito wa mwaka jana, siyo katika karatasi mpya ambayo hakuna anayeilinganisha. Anayejibu ndiyo atumwe ndani ya juma moja, asipewe vidonge. Nasema hivyo nikijua kwamba hii si kutazama mapema kwa kweli. Ni kuacha kuchelewa zaidi. Lakini siku 197 zingekuwa 7, na kati ya hizo mbili kuna watu wanaopona.

La pili ndilo kubwa. Wale wenye hatari iliyorundikana, yaani wenye miaka 40 na zaidi wanaovuta na kunywa, au waliofiwa na ndugu kwa ugonjwa huu, kampuni iwalipie kutazamwa kwa mrija na ayodini wangali wazima. Si wote kwa mwaka mmoja. Tuanze na wachache, wanaokubali kwa hiari, tuone. Mwenye tezi la shingo au anayedhurika na ayodini aseme mapema, kwani hatapakwa.

Nimekwisha lisema jambo hili katika mkutano mmoja, na nilijibiwa kwamba gharama ni kubwa na barabara ni mbaya. Barabara ni mbaya, kweli. Wote hapa twakumbuka yaliyotupata Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017, na kuna siku ambapo hata mgonjwa anayevuja damu hapelekwi Bunia. Lakini pampu ikifa, spea inapatikana, na barabara ile ile inapitika. Na mtu wa kikosi cha mbao aliyefunzwa miaka 20 hauzwi dukani.

Lakini nilipowauliza wafanyakazi wenyewe nilijibiwa neno jingine, nalo ndilo linaloniumiza. Mmoja aliniambia: "Muganga, nikisema fufu inakwama, mwezi ujao jina langu halimo katika orodha." Mzee wetu naye, bibi yake alinifunulia baadaye, alikuwa akificha kwa sababu hiyo. Alipokuwa zamu alikula na wenzake kidogo mbele yao, kisha akaenda kutapika nyuma ya karakana. Kapita wake hakujua. Mimi sikujua. Alificha ugonjwa ili asipoteze kazi, akaipoteza kazi pamoja na uhai.

Kwa hiyo la tatu, ambalo bila hilo mawili ya kwanza ni bure: wakubwa waandike, watie sahihi, waibandike mlangoni, kwamba mtu atakayejibu "ndiyo" katika swali la kumeza hataondolewa kazini kwa jibu hilo, na siku za kwenda kutazamwa zitahesabiwa kama siku za kazi. Barua ya namna hiyo haihitaji mashini wala barabara. Nimeomba iandikwe. Nitaomba tena, na wajumbe wa wafanyakazi waombe pamoja nami katika mkutano wao ujao.

Kwenu mama nina ombi moja. Bwana hatasema, mumewafahamu. Nyinyi ndio mnaoona kikombe cha maji kinasogezwa karibu na sahani, nyama inakatwa vipande vidogo kuliko zamani, fufu inalowekwa, mtu anamaliza kula baada ya watoto wote. Mkiona hivyo kwa majuma mawili, msingoje mwezi wa kumi, njooni dispanseri hata kama yeye hataki. Njooni peke yenu kwanza. Nanyi wenyewe mkihisi hivyo katika koo zenu, njooni vile vile. Ugonjwa huu hauulizi nani anashuka shimoni.

Dispanseri inafunguliwa saa moja asubuhi. Anayetoka zamu ya usiku apite kwanza kabla ya kulala, nitamwona mbele ya wengine. Katika daftari jipya nimechora mstari wa kando, juu yake nimeandika "kumeza". Mpaka leo umejazwa na watu wanne, na wawili kati yao nimekwisha wapa barua ya Bunia.